Siku 24 za Kuyakaribia Maji

Siku ya 1

Leo sikuingia majini. Nilifika bwawani saa kumi jioni, nikakaa kwenye benchi mita nne hivi kutoka ukingoni, mkoba mapajani, nikabaki hapo hadi saa kumi na moja. Mwalimu hakunihimiza nisogee. Ni mama aliyenizidi miaka kama ishirini, na kazi yake ni kuwafundisha watu wazima kuogelea. Hakuniuliza kama nimekuja na nguo za kuogelea.

"Unaogopa nini, mdogo wangu?"

"Maji."

"Maji unakunywa. Maji unaoga kila siku. Niambie unachoogopa."

Ilinichukua muda kulipata jibu. Ninachoogopa ni kushusha mguu nikakosa pa kukanyaga. Nilikuwa na miaka 9, nimesimama majini hadi kifuani, juu ya jiwe lenye utelezi. Mguu mmoja ukaponyoka. Nikaushusha wa pili kuitafuta ardhi, ardhi haikuwepo. Binamu yangu alinidaka mkono akanivuta. Wote waliokuwepo wanasema yalikuwa mambo ya sekunde chache. Sasa nina miaka 38, na miaka yote hiyo 29 nimeipanga kwa kuzikwepa sekunde zile: safari za mashua nilizozikataa kwa visingizio, matembezi ya ufukweni niliyobaki nikilinda viatu vya wenzangu, hata namna ninavyoosha nywele, kichwa nimekirudisha nyuma kabisa ili tone lisiguse pua.

Hilo la nywele ndilo lililonileta hapa. Mwezi uliopita nilikuwa namwogesha binti yangu wa miaka 6. Nilipoinua kopo, alinishika mkono kwa nguvu, akabana pumzi, akakirudisha kichwa nyuma vilevile nifanyavyo mimi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba maji yanaua. Hajawahi kuteleza popote. Amenitazama tu.

Kabla sijaondoka tuliandika ngazi ya hofu, vipago kumi, kuanzia kukaa kwenye benchi hadi kuachia mikono mahali pasipofikika chini. Kila kipago kina namba yake, 0 hadi 100, kwa kadiri ninavyoogopa. Kipimo hiki kilitoka kwa Joseph Wolpe, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Afrika Kusini, aliyewakaribisha wagonjwa wake kwenye hofu zao kidogo kidogo, akianza na iliyo ndogo. Benchi ilikuwa 40 nilipofika. Nilipoinuka ilikuwa 20.

Siku ya 2

Nimekaa ukingoni, miguu majini hadi kwenye vifundo. Namba 55.

Nataka kuueleza mwili wangu ulivyofanya, kwa sababu miaka yote niliukimbia kabla ya kuutazama. Moyo ulianza kupiga hadi nikausikia masikioni. Viganja vikalowa jasho. Pumzi ikawa fupi na ya haraka, kisha midomo ikaingia ganzi, vidole vikawashawasha, kichwa kikawa chepesi. Nilimwambia Mwalimu nazimia. Akasema pumzi ndiyo inayonifanyia hivyo. Mtu akihema harakaharaka hutoa hewa ya kaboni dioksaidi nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza, na ile ganzi na kizunguzungu hutokea hapo. Akanifundisha kutoa pumzi taratibu, kama mtu anayepoza kitu cha moto, bila haraka ya kuvuta nyingine.

Kisha akaniwekea sharti moja: nisiondoke namba ikiwa inapanda. Nikitoka hofu ikiwa kileleni, ahueni nitakayoipata itauambia mwili kwamba kukimbia ndiko kulikoniokoa, na kesho utanikimbiza mapema zaidi.

Kwa hiyo nilikaa. 55, 60, 60, tena 60 kwa muda ulioonekana mrefu mno, halafu 50. Baada ya dakika 25 ilikuwa 35. Sikufanya kitu chochote kuishusha. Ilishuka yenyewe, na mimi nilikuwepo kuiona, jambo ambalo halijanitokea tangu utotoni.

Siku ya 3

Ngazi za bwawa, hadi kiunoni. 65 hadi 40. Hakuna zaidi.

Siku ya 4

Leo nilimsimulia Mwalimu kuhusu mwalimu wangu wa kwanza, miaka 12 iliyopita. Yule aliamini mtu huogelea akilazimika. Siku ya pili ya mafunzo alinisukuma kutoka ukingoni bila kuniambia, na nilipotolewa nikiwa nakohoa alinitajia methali: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sikurudi tena, si kwake tu, bali kwa maji yote.

Nimeifikiria methali ile jioni nzima. Naipenda, na naona aliitumia vibaya. Inamzungumzia aliyevua nguo mwenyewe. Kuna mtu aliyesimama kando ya maji, akaamua, akaanza na kifungo cha kwanza. Aliyevuliwa na wengine hayumo ndani ya methali hiyo. Nilipoketi kwenye benchi siku ya kwanza nilikuwa nimeshaanza kuvua, na hakuna mkono mgongoni kwangu.

Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mmarekani, Mary Cover Jones, aliandika habari za mtoto wa karibu miaka 3, aliyemwita Peter, aliyekuwa akimwogopa sungura. Hakumtupia sungura mapajani. Mnyama alikuwa ndani ya kizimba, mbali chumbani, mtoto akila chakula anachokipenda, na kila siku kizimba kilisogezwa kidogo. Mwishoni Peter alimshika sungura kwa mikono yake. Ningependa kila anayefundisha watu waoga akijue kisa hicho.

Siku ya 6

Sikwenda. Nilituma ujumbe kwamba kichwa kinauma. Kichwa hakikuuma.

Naandika hapa kwa sababu nimejiahidi kutodanganya kwenye daftari hili. Dakika ileile niliyotuma ujumbe mabega yalishuka, tumbo likalegea, nikapika huku naimba. Ilikuwa jioni njema kweli. Lakini saa tatu usiku nilipofikiria kesho, benchi peke yake, ile ya siku ya kwanza, ilikuwa imerudi 40.

Siku ya 7

Uso majini.

Mwalimu alinitaka kwanza niandike nitakachopatwa nacho, kwa maneno ya wazi, kabla ya kujaribu. Niliandika: nitavuta maji, nitapaliwa, sitaweza kusimama. Tulikuwa mahali pa kina cha mita 1.2. Maji yananifika chini kidogo ya kifua. Kichwa changu kinajua hilo, ila magoti hayajui.

Njia yenyewe ni nyepesi, nami sikuwahi kuambiwa. Unafunga mdomo, unaguna "mmm" kama anayekubaliana na maneno ya mtu, na huku unaguna ndipo unapozamisha pua. Sauti hiyo hutoa hewa puani bila kukatika, na hewa inapotoka maji hayapati njia ya kuingia. Mwalimu aliguna kwanza, mimi nikamfuata. Mara ya kwanza nilizamisha mdomo tu. Ya pili, ncha ya pua. Ya tano nilikuwa ndani hadi kwenye nyusi, macho nimeyafumba, nikisikia mapovu yakipita mashavuni. Namba ilifika 85, juu kuliko siku yoyote kabla ya hapo.

Tulipotoka tulisoma nilichoandika. Nilivuta maji? Kidogo. Nilipaliwa? Hapana. Nilisimama? Mara zote tisa. Akanipa kalamu niandike majibu hayo chini ya utabiri wangu, kwa mkono wangu mwenyewe. Hakusema hongera. Nilishukuru kwa hilo, kwa sababu hongera ingenifanya nilie.

Siku ya 9

Kuachia ukingo na kutembea hadi katikati, kina kifupi. 60, 45, 30.

Kiswahili kimeyaweka karibu maneno yanayonihusu: kuoga, kuogelea, kuogopa, woga. Sijui kama ni ndugu au ni majirani tu, ila nikiwa natembea majini nimekuwa nikiyarudia moja baada ya jingine, na hatua zinakwenda nayo.

Siku ya 11

Kuelea chali. Hiki kilikuwa kipago cha sita, na nilikipa 75 kwenye karatasi.

Mwalimu aliweka kiganja kimoja chini ya kisogo changu na kingine mgongoni. Akaniambia nijaze kifua hewa, niangalie juu, niache masikio yaingie majini. Miili mingi ikiwa na mapafu yaliyojaa ni myepesi kidogo kuliko maji, hivyo maji huibeba. Tatizo huanza kichwani. Mtu mwenye hofu huinua kichwa atazame miguu yake, na uzito wa kichwa kilicho nje unayasukuma makalio chini. Akiona anazama anainua zaidi. Nilifanya hivyo mara sita mfululizo. Nilijua kanuni, nilikuwa nimeielewa, na shingo ilikataa.

Mara ya saba nilifumba macho nikaguna. Masikio yakazama. Kelele za bwawa zikafifia, nikabaki na mapigo ya moyo wangu na sauti ya mbali ya maji yakigonga vigae. Kiganja cha mgongoni sikukisikia tena. Nilidhani bado kipo. Nilipofumbua macho Mwalimu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka nilipo, mikono juu hewani ili niione.

Alikuwa ameniomba ruhusa kabla. Aliniambia, "Nitakuachia, lakini sitakuambia sekunde gani," nami nilikubali. Ruhusa hiyo ndiyo inayomtofautisha na yule wa kwanza.

Siku ya 12

Kuelea tena, mara nyingi. 50.

Nyumbani binti yangu aliniuliza mbona ninaandika namba. Nikamweleza. Sifuri ni mtu aliyelala, mia ni mtu anayetaka kukimbia hata bila viatu. Akaniuliza leo nilikuwa ngapi. Nikamwambia hamsini. Alifikiri sana kisha akasema yeye kuoshwa nywele ni themanini. Sikujua. Miaka miwili nimekuwa nikimwambia "si kitu, si kitu" juu ya jambo ambalo kwake ni themanini.

Usiku nilisoma kazi ya mwanasaikolojia Susan Mineka na wenzake, ya mwaka 1984. Walikuwa na nyani vijana aina ya rhesus waliokulia maabara, wasiowaogopa nyoka. Wakawaacha wawatazame wazazi wao, waliokulia porini, wakishtuka mbele ya nyoka. Wengi wa wale vijana waliishika hofu hiyo baada ya kutazama muda mfupi tu, na miezi mitatu baadaye bado walikuwa nayo. Nilifunga kompyuta nikakaa gizani. Baadaye nikaifungua tena na kuendelea, na ni heri nilifanya hivyo, kwa sababu miaka miwili baada ya hapo Mineka na Michael Cook walionyesha upande wa pili: nyani waliotangulia kumtazama mwenzao aliyetulia mbele ya nyoka, wengi wao hawakuambukizwa hofu hata walipomwona mwingine akishtuka baadaye.

Siku ya 14

Siku mbaya. Nilikuwa naelea, kijana mmoja akaruka karibu yangu, wimbi likaniingia mdomoni na puani kwa pamoja. Nilipaliwa kweli. Nilisahau kwamba pale ninasimama. Nilitapatapa kwenye maji ya kifuani kama ninafia baharini, hadi Mwalimu aliponishika kiwiko na kusema, "Miguu chini." Namba 90.

Nilitaka kutoka. Akaniambia naweza kutoka muda wowote, ila akaniomba kitu kimoja kabla: nirudi kwenye kipago cha tatu, nisimame tu kiunoni, nishike ukingo, nikae mpaka namba ishuke. Ilichukua dakika 40. Tuliondoka namba ikiwa 45, taa zimeshawashwa.

Nilimuuliza kama kazi yote imepotea. Akanieleza habari za mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov na mbwa wake. Pavlov aliwazoesha kengele iliyofuatwa na chakula, kisha akaacha kuleta chakula hadi mbwa wakaacha kudondokwa mate. Baada ya mapumziko, kengele ilipolia, mate yalirudi. Somo la zamani halikuwa limefutwa, lilikuwa limenyamaza tu. Woga nao ndivyo ulivyo, akasema: tunajenga somo jipya pembeni ya lile la zamani, na siku nyingine la zamani hupaza sauti. Dawa yake ni kulipa lile jipya mifano mingi, mahali pengi. Kuanzia kesho tutabadilisha saa na upande wa bwawa, na tutakuja hata siku zenye watu wengi.

Siku ya 15

Sikuogelea, ni siku ya mapumziko iliyopangwa. Nina neno la kusema.

Tangu nianze, watu wananiambia maji hayana madhara, hofu yangu haina maana. Nawapenda, lakini si kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji. Hofu yangu ina maana kamili, ila imekosa kipimo. Inapiga kelele ileile kwa kopo la kuoshea nywele na kwa mto uliofurika. Sitaki kuiondoa. Nataka ijue tofauti. Ndiyo maana nayashika masharti ya Mwalimu kwa moyo wote: siingii peke yangu, siingii pasipo na mwokoaji, na sihemi kwa nguvu harakaharaka kabla ya kuzama ili nidumu chini, kwa sababu kufanya hivyo kunaweza kumzimisha mtu majini bila dalili yoyote ya kumwonya. Mtu anayezifuata kanuni hizo hajawa mwoga zaidi kuliko anayejirusha tu.

Siku ya 16, 17, 18

Kupiga miguu na ubao. Kuteleza kifudifudi. Jana mita 5, leo mita 10, uso majini, nageuza kichwa kupumua. Namba 40 asubuhi, 30 jioni. Nimemeza maji mara mbili na nimeendelea.

Siku ya 21

Kipago cha tisa: kina cha mita 3, mkono kwenye ngazi ya chuma, kushusha miguu kutafuta chini. Nilikuwa nimekipa 95. Kile cha kumi, kuachia mikono, nilikipa 100.

Usiku sikulala vizuri. Asubuhi niliandika utabiri wangu: nitakapokosa pa kukanyaga nitapoteza akili, nitamshika Mwalimu nimzamishe.

Nilishuka ngazi nikitazama ukuta. Maji yalifika kiunoni, kifuani, mabegani. Kipago cha mwisho cha chuma kilikuwa chini ya nyayo zangu. Chini yake hapakuwa na kitu. Mwalimu alikuwa pembeni, mwokoaji amekaa kwenye kiti chake. Hakuna aliyesema neno.

Nilitoa mguu wa kulia, nikaushusha.

Ni hisia ileile. Nilidhani miaka ilikuwa imeikuza, lakini la, ndiyo ile: unyayo unaenda, unaendelea kwenda, mwili mzima unasubiri ardhi. Koo likabana. Moyo ukaruka. Nilimwambia Mwalimu, "Mia," akasema, "Nimesikia." Nikaguna. Nikatoa pumzi taratibu. Mguu ulining'inia. Maji chini yake yalikuwa baridi zaidi kuliko ya juu, na hilo nililitambua kwa mshangao, kwamba naweza kuogopa hivi na bado nikatambua baridi.

Nikautoa wa pili. Sasa nilishikwa na mikono tu. Tisini na tano. Tisini. Nilikuwa nimekazana kiasi kwamba vidole vimekuwa vyeupe, nikaona jinsi ninavyozidi kukaza ndivyo miguu inavyozidi kuwa mizito, nikaegemeza kichwa nyuma, masikio yakaingia majini, na miguu ikapanda yenyewe. Ikapanda polepole mpaka vidole vya miguu vikatokea mbele yangu. Nilikuwa nimelala juu ya mita 3 za maji, mkono mmoja kwenye chuma.

Mtoto wa miaka 9 hakuwahi kufika hapa. Alivutwa kabla. Sekunde zilizofuata hakuzijua, na kwa miaka 29 nimezijaza mwenyewe kwa vifo vya kila aina.

Sikuachia leo. Mwalimu hakuniomba. Namba nilipotoka: 60.

Siku ya 22

Niliachia. Sekunde nne, nikashika tena. Kisha kumi. Kisha nikaacha kuhesabu.

Siku ya 24

Binti yangu alikuja. Sikumwita aingie, wala sikumletea nguo za kuogelea. Nilimwambia tu kwamba ninakwenda na akitaka aje atazame. Alikaa kwenye benchi ileile, mita nne kutoka ukingoni, mkoba wangu ameukumbatia.

Niliogelea upana wa bwawa upande wa kina, nikageuka chali katikati nikapumzika, nikaendelea. Sikuogelea vizuri. Miguu inazama nikichoka na pumzi bado naikosea. Nilipofika ukingoni nilishika kigae nikahema. Nilipoinua uso, benchi ilikuwa tupu. Alikuwa amechuchumaa juu yangu, viatu amevipanga kando.

"Mama, ngapi?"

"Sitini."

Alitazama maji, akanitazama nywele zilivyoniganda usoni.

"Mimi sabini," akasema, akakaa chini, akashusha kidole gumba cha mguu hadi kikalowa.